Uliniombea Msamaha

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na saa tatu asubuhi yalikuwa bado yanadondoka, yale manyunyu ambayo hayamlowanishi mtu ila yanamnyima kuanika nguo. Mke wangu alirudi kutoka buchani, akaiweka nyama mezani ikiwa bado ndani ya mfuko, wala hakuvua viatu.

"Fundi," aliniambia, "kaa chini."

Nilikuwa nimekaa. Hakuona.

"Themostati ya friji letu uliing'oa lini?"

Mimi ni fundi wa mafriji. Yeye anafundisha watoto wa chekechea. Tangu tulipooana ananiita Fundi nami namwita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza habari za kifaa chochote, na themostati ni kidude kidogo tu, kinacholiambia friji lini lipoe na lini lipumzike. Lakini nilijua anauliza nini. Swali hilo nilikuwa nimelisubiri kwa miaka miwili, na bado lilinikuta sijajiandaa.

"Nani amekwambia?"

"Mwenye bucha. Alikuwa anakusifu mbele ya wateja."

Akanisimulia. Mwenye bucha alikuwa anakata nyama huku akicheka, akisema hakuna fundi kama mume wa Mwalimu. Friji lake liliharibika siku mbili kabla ya harusi ya watu, limejaa nyama, na maduka ya spea yalikuwa yamefungwa. Fundi akakimbia nyumbani, akang'oa themostati ya friji lake mwenyewe na kuja kumfungia.

"Akasema, Mwalimu, mume kama huyo mfungie ndani na ufunguo uumeze. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika kwenye kona ndipo nikakumbuka harusi ile ilikuwa lini."

Ilikuwa wiki aliyofariki mama yake.

Mama mkwe aliishi nasi miaka minne. Alikuwa na kisukari, na kila asubuhi na jioni Mwalimu alimchoma sindano ya insulini. Chupa ya dawa ilikaa kwenye friji, rafu ya juu, karibu na mayai. Bibi yule alipenda kunitania. Alisema mkwe wake anatibu mafriji ya mji mzima huku la kwake linakohoa. Nilimpenda. Nalisema hili nikijua halinisaidii.

Jioni ile, siku mbili kabla ya harusi, badala ya themostati niliyoing'oa, nilifunga nyingine kuukuu niliyoiokota kwenye boksi langu la vyuma. Mafundi wa kazi hii wote tunafanya hivyo. Tunaita kuazima. Unatoa kwenye friji hili unaweka kwenye lile, keshokutwa unarudisha. Ile kuukuu ilikuwa imekwama. Friji likapoza usiku kucha bila kupumzika, na asubuhi nilipolifungua nyanya zilikuwa mawe, na chupa ya mama ilikuwa imeganda.

Nikaichukua, nikaishika viganjani mpaka ikayeyuka. Nikaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa safi kama maji. Nikaizungusha ile themostati mpaka ikaachia, nikairudisha chupa mahali pake, nikaenda kazini. Miaka yangu yote nimeona vitu vikiganda na kuyeyuka: maji yanarudi kuwa maji, samaki anarudi kuwa samaki. Sikufikiri kwamba kuna kitu kinachoweza kuyeyuka kikiwa kimekufa.

Siku ya tano mama alianza kutapika. Siku ya sita tulimpeleka hospitali, na siku ya saba tukarudi bila yeye. Daktari alisema sukari ilikuwa imepanda kwa siku kadhaa, akauliza kama kuna dozi zilizorukwa. Mwalimu akakumbuka jioni moja alipochelewa kwenye mazoezi ya kwaya, akamchoma mama saa moja na nusu baada ya muda wake. Alimwambia daktari, tena mbele ya kaka yake. Sidhani alisikia neno jingine baada ya hapo. Kaka yake alisema kwaya imemla mama yao, na tangu siku hiyo hakumpa dada yake hata salamu.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na viatu vyake vyenye matope.

"Kwa hiyo dawa iliganda."

"Iliganda."

"Ukaiona."

"Niliiona. Nilidhani ikiyeyuka inarudi kuwa dawa."

"Na lini ulijua hairudi?"

Ningeweza kudanganya hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema:

"Siku ya pili baada ya mazishi. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi. Imeandikwa ikiganda itupwe."

Alivuta kiti, akakaa. Nilitarajia alie, lakini alianza kuhesabu kwa vidole kama anavyohesabu na watoto wake darasani.

"Niliacha kwaya, uliniona. Kaka alinipita njiani kama mti, ukaniambia nivumilie. Niliacha kula usiku kwa miezi mitatu nikimwomba Mungu anisamehe kumwua mama yangu, uliniona." Akasimamisha kidole cha nne. "Na siku ile niliyokuomba tupige magoti pamoja. Unaikumbuka?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Sema ulichosema."

"Mwalimu, tafadhali."

"Sema, Fundi."

"Nilisema, Bwana, mrehemu mke wangu, umsamehe kosa lake."

"Kosa lake." Alilirudia polepole. "Ulinishika mkono, ukaniombea msamaha wa kosa lako. Mimi nikaitikia amina. Nikakushukuru hata."

Nilimweleza kwamba niliogopa kumpoteza. Nikamweleza kwamba kila siku nilipanga kusema, na kila siku iliyopita iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli, na yote yalinuka. Aliyasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Ulikuwa unamwona Mungu yuko wapi wakati unasema vile?"

Akavua viatu, akaipeleka nyama jikoni.

Hakuondoka nyumbani. Alihamia chumba cha mama, kile tulichokuwa tumekifunga. Tuliishi wiki mbili tukitenganishwa na ukuta wa tofali moja, na kama palikuwa na jambo la lazima tuliandikiana kwa simu. Nilisikia simu yake ikilia upande wa pili kila nilipotuma.

"Gesi imeisha," aliandika.

"Nitaileta jioni. Naomba tuzungumze."

"Gesi imeisha."

Siku nyingine niliandika ujumbe mrefu, wenye habari za upendo wa Mungu unaofunika makosa yote. Nilikuwa nimeufuta na kuuandika upya mara nne. Jibu lake lilikuja nikiwa bado nimeishika simu.

"Usiniletee Mungu wewe."

Nikaandika: "Nifanye nini?"

Niliiweka simu kando, nikazima taa. Kisha simu ikatetemeka.

"Kaka yangu bado anaamini ni mimi."

Nilikwenda kwa Mchungaji Jumatano, mchana. Nilimkuta ofisini akibandika kiraka kwenye kitabu cha nyimbo. Nilimweleza kila kitu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta faraja. Nilimwambia nimetubu kwa machozi, na kwamba moyoni nasikia Mungu amenisamehe. Nilitumaini ataongea na mke wangu, amkumbushe wajibu wa Mkristo.

Aliweka gundi chini.

"Huenda Mungu amekusamehe kweli," alisema. "Rehema yake haina mlango wenye kufuli. Lakini hiyo si barua ya kumpelekea mkeo atie sahihi."

"Maandiko yanasema asiposamehe naye hatasamehewa."

"Yanasema. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumsomea hayo."

Nikamwuliza kama basi hakuna tumaini. Mchungaji wetu si mtu wa kumwaga maneno matamu.

"Sijui," alisema. "Nimeona ndoa zikifa kwa mambo madogo kuliko hili. Anza na lililo mkononi mwako. Ulimvua mwanamke heshima yake mbele ya ndugu zake. Nenda ukamvike, hata kama baada ya hapo hatakutazama tena."

Alikubali kunisindikiza.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa kaka yake Mwalimu, sisi watatu. Mwalimu alitembea mbele na Mchungaji, mimi nyuma kama mzigo. Kaka mkubwa ni mpimaji wa ardhi, mtu wa kamba na vipimo, na sebule yake imejaa ramani zilizoviringishwa. Alimpa mkono Mchungaji, akanipa mimi, akampita dada yake. Hata sasa. Niliona Mwalimu akirudisha mkono wake mfukoni, bila haraka, kama mtu aliyezoea.

Nilisimama kabla hatujakaribishwa viti.

"Shemeji, mama hakufa kwa mkono wa dada yako. Alikufa kwa mkono wangu."

"Sema kwa mpangilio," alisema. "Siku gani, saa ngapi, nini."

Nikasema kwa mpangilio. Alhamisi saa moja jioni niling'oa. Ijumaa asubuhi niliikuta imeganda. Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya pili tangu tumzike, nilisoma karatasi. Alinikatiza mara mbili tu, kusahihisha tarehe. Nilipofika mahali pa ile sala, nilitaka kuiruka. Mwalimu, aliyekuwa akitazama sakafu, akasema:

"Na hiyo."

Nikaisema na hiyo.

Nilidhani Shemeji atanipiga, na nafsini mwangu niliomba anipige. Badala yake alivua miwani, akageukia upande wa dada yake, na yule mtu mwenye sauti ya kuagiza vibarua akashindwa kuanza sentensi. Hatimaye alisema:

"Mdogo wangu. Miaka miwili."

"Miaka miwili na mwezi mmoja, kaka. Wewe ndiye mtu wa vipimo."

"Nisamehe."

"Na wewe kaa kwenye foleni," alisema Mwalimu. "Mwenzako amekutangulia."

Mchungaji aliinamisha kichwa, sijui kwa kuficha tabasamu au machozi. Hakuna aliyecheka. Kisha, kwa upole, alimwuliza Mwalimu kama anataka kusema neno, na kama hataki basi tusali tuondoke.

"Kusali, asali nani?" aliuliza. Halafu akasimama.

Sijawahi kumsikia akisema kwa muda mrefu vile. Alisema kwamba kwa miaka miwili alibisha hodi kwa Mungu na hakusikia kitu. Wanawake wenzake walishuhudia jinsi walivyopata amani baada ya kutubu, yeye akatubu mpaka magoti yakawa meusi, na amani haikuja. Akajua amekataliwa. Alikuwa akifundisha watoto wimbo wa kwamba Yesu anawapenda huku akijitoa mwenyewe kwenye hesabu.

"Wiki hizi mbili ndani ya chumba cha mama nimekuwa nikifikiri," alisema. "Labda hakunikataa. Labda alinyamaza kwa sababu hapakuwa na cha kunisamehe. Nilikuwa namsumbua kwa deni la mtu mwingine, na yeye akikaa na mimi tu, gizani, bila kusema. Sijui. Sitaki mtu anithibitishie. Niacheni na hilo, ndilo pekee nililorudi nalo."

Nilisema jina la Mungu kwa kunong'ona. Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu ile Jumamosi, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Kwa hasira ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokaa zamani.

"Nakupenda, Mwalimu," nilisema. "Najua halina maana tena."

"Lina maana. Ndiyo maana linauma." Akavuta pumzi. "Nimejaribu kukusamehe, Fundi. Nimelisema hilo neno peke yangu chumbani, kwa sauti, kuona litatokaje. Halitoki. Linafika hapa kooni linarudi. Sina. Usinisubirie kwenye mlango wa chumba cha mama kila asubuhi na chai, sina."

"Sitasubiri."

"Utasubiri. Nakujua."

Mchungaji alimwambia kwamba hakuna anayemlazimisha kitu, si leo wala kesho. Mwalimu alimshukuru. Kisha akamtazama kaka yake, akamtazama Mchungaji, kana kwamba anahakikisha wote wawili wapo na wanasikia.

"Naahidi mbele yenu," alisema. "Sirudi kwenye chumba chetu, na siahidi kwamba nitarudi. Lakini kila asubuhi, kabla sijaenda kwa watoto, nitamtaja mtu huyu kwa Mungu kwa neno moja. Nitasema: mrehemu. Nitalisema hata siku nisipolitaka, hata siku nitakapokuwa namchukia. Mengine yote namwachia Mungu, kwa sababu mimi yamenishinda. Kaka, wewe ni shahidi. Mchungaji, na wewe. Mkisikia nimeacha, mje mniulize."