Mitambo Mipya Ilitaka Kuvunja Uchumba Wao

— Hebu niangalie usoni. Haya masanduku umeyaleta wewe?

Fundi aliweka chini nondo aliyokuwa akifungulia masanduku. Alikuwa amerudi jana tu kutoka masomoni ng'ambo, na mapokezi aliyoyaota hayakuwa haya. Mchumba wake alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa kiwanda cha nguo, mikono kiunoni, pamba imemganda nyweleni kama mvi za kuazima.

— Nimeyaleta mimi. Ni mitambo ya kufumia. Mpenzi, hujawahi kuona kitu kama hiki! Mmoja tu unafanya kazi ya watu...

— Ya watu wangapi?

Fundi akageukia sanduku lililo karibu.

— Sita.

— Na hao sita wataenda wapi?

— Mkurugenzi ameniambia hakuna atakayefukuzwa.

— Amekuambia. Na wewe ukaitikia kama mwangwi.

Mchumba huyo kiwandani walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa mfumaji wa zamu ya asubuhi, tena mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Fundi naye walimbatiza Bisibisi, maana hata siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alikuwa na bisibisi mfukoni. Harusi yao ilikuwa imekaribia, gauni lilishapimwa.

Wiki haikuisha. Tangazo likabandikwa ubaoni: nusu ya wafumaji kazi yao inakoma mwisho wa mwezi, wa kwanza wakiwa wenye umri mkubwa. Chiriku akampigia Bisibisi simu palepale ubaoni.

— Umesoma?

— Nimesoma. Naapa sikujua.

— Hukujua kwa sababu hukutaka kujua. Shangazi zangu wa kazi wanalia hapa, mimi nivae shela? Harusi hakuna.

— Chiriku, subiri, tafadhali...

Simu ikakatika.

Nyumbani mama yake alikuwa akimsubiri mlangoni. Mama huyu alifuma katika kiwanda kilekile mpaka masikio yakafa nusu, na sasa aliongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

— UMEMFUKUZA MKWE WANGU?

— Mama, majirani wanasikia.

— WASIKIE! KWANI NIMEIBA?

Chiriku akamweleza yote, akilia kwa hasira. Mama akamkalisha kitandani. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

— Bibi yako alifuma kwa mkono. Mitambo ya wakati wangu ilipokuja, wenzake waliitupia mawe. Unajua kilichotokea? Waliotupa mawe walifungwa, mitambo ikabaki, na tajiri akatajirika zaidi. Nguo ziliongezeka, watoto wetu wakavaa, hilo silikatai. Lakini hakuna aliyeuliza mapema ile faida inakwenda kwa nani. Mwanangu, chuma hakina roho mbaya. Roho mbaya ni ya mtu.

— Na Bisibisi?

— YULE? Yule ana akili nyingi ya chuma na kidogo ya watu. Hiyo inafundishika.

Kesho yake bwalo la chakula lilijaa. Wengine walikuja na nyundo.

— Tukaivunje leoleo!

Chiriku akapanda juu ya meza.

— Ukivunja mmoja, utaletwa mwingine pamoja na polisi! Mimi sina ugomvi na mtambo. Nina ugomvi na anayetaka mtambo ufanye kazi ya watu sita, halafu ale peke yake! Kama kazi imekuwa nyepesi, wepesi huo na sisi tuuonje. Tufundishwe kuiendesha. Turudi nyumbani mapema. Na asifukuzwe mtu!

Nyundo zikashuka moja moja. Siku hiyohiyo mgomo ukaanza.

Jumatatu asubuhi wafumaji walikuwa wamejipanga pande zote mbili za lango. Gari la mkurugenzi likaja polepole, nyuma yake gari la wateja wakubwa waliotoka mbali kuja kuona mitambo ikiwashwa. Na pembeni ya mkurugenzi, ndani ya ovaroli mpya, alikaa Bisibisi.

— Msaliti! Shuka!

Chiriku akatoa simu. Alimwandikia ujumbe: "Nimekuona. Futa namba yangu."

Jibu likaja gari likiwa bado linapita: "Angalia dirishani."

Nusura aitupe simu mtaroni. Lakini moyo una ukaidi wake, macho yakaenda kwenye kioo kirefu cha ukumbi wa kufumia. Haukupita muda, Bisibisi akasimama hapo akiwa ameelekea nje. Mkurugenzi alikuwa mbele yake, kawapa mgongo watu wa langoni. Wateja walikuwa wamesimama kando.

Sasa, mfumaji yeyote anajua kusoma midomo. Ndani ya ule mngurumo wa mitambo sauti haina kazi. Umbea wote wa kiwanda hupita kwa midomo. Mama yake Chiriku, aliyekuja kusimama na wenzake wa zamani, ndiye aliyeanza.

— ANASEMA "SIWASHI"!

Lango zima likageuka, na wengine wakapokezana kusoma.

— Anasema, "Ulinidanganya mimi, na mimi nikawadanganya wao."

— Anasema, "Tafuta fundi mwingine. Atakayekuja atafika mwezi ujao, wageni wako wapo leo."

— Ngoja, mkurugenzi amegeuka... Lo! Hilo sirudii, mimi mtu mzima.

Vicheko vikalipuka. Chiriku hakucheka. Alikuwa akiisoma ile midomo aliyoifahamu kuliko wote, na ilikuwa ikisema: "Nifukuze. Lakini kwanza mwite mwenyekiti wao."

Chiriku alipoitwa ukumbini, alimkuta mkurugenzi ameloa jasho.

— Binti, unataka kuniendeshea kiwanda changu?

— Hapana, mzee. Nataka tukiendeshe pamoja. Peke yako umeona leo hakiendi.

Mmoja wa wateja akakohoa.

— Samahani. Sisi tunachotaka kujua, nguo zetu zitaanza kutoka lini?

— Muulize yeye, — Chiriku akasema. — Akitia saini kwamba hafukuzwi mtu, fundi wala mfumaji, kwamba wote tutafundishwa mitambo hii na kwamba zamu itapunguzwa, tunaanza kesho. Akikataa, mgomo unaendelea.

Mkurugenzi akamtazama mteja. Mteja akatazama saa yake. Kalamu ikatoka mfukoni.

Chiriku alipotoka na kuinua karatasi ile juu, vigelegele vilipanda hata mama yake akasikia vizuri. Wanawake wenye umri walikumbatiana. Mmoja alivua kilemba akakirusha juu na hakujali kimeangukia wapi.

Bisibisi alibaki nyuma, kando ya masanduku. Chiriku akamfuata.

— Ya kiwanda yamekwisha. Yetu bado.

— Najua.

— Kwa nini hukuniambia mpango wako?

— Ungekubali nipande gari lile?

— Ningekuvuta ovaroli mbele ya watu.

— Ndiyo maana. Chiriku, nilijifunza kila kitu kuhusu mitambo, ila sikuuliza nani ataumia. Hilo ni langu, simsukumii mkurugenzi. Nisamehe.

Chiriku akaishika kola ya ovaroli yake.

— Nikikuuliza jambo, utanijibu ukweli hata kama unauma?

— Hata kama unauma.

— Ovaroli hiyo nani alikwambia inakupendeza?

— Mkurugenzi.

— Amekudanganya tena.

Wote wawili wakacheka mpaka machozi, kisha Chiriku akamwegemea kifuani, na pale langoni walioona wakaanza kelele upya.

Mafunzo yalianza kesho yake. Mwalimu alikuwa Bisibisi, na mwanafunzi msumbufu kuliko wote kila mtu alimjua. Wale waliotangazwa kuwa wa kwanza kufukuzwa walisimamia mitambo mipya kabla ya msimu kubadilika, na nguo zikatoka maradufu.

Harusi haikungoja Jumamosi. Ilifanyika siku ya kazi, alasiri, katika uwanja wa kiwanda, kwa sababu zamu ya asubuhi sasa ilikuwa ikitoka jua likiwa bado juu. Wafumaji walitoka ukumbini wakicheza, pamba ingali nyweleni, wakamzunguka bibi harusi. Mama alishika kipaza sauti ambacho hakukihitaji hata kidogo.

— WANANGU! MWANGA HUU WA SAA KUMI TULIKUWA TUNAUSIKIA TU KWA WATU. LEO NI WETU. CHEZENI!