Pua ya Dobi

Mwanamume mwenye wivu hana haja ya jini, ila dobi huyu alimpata vilevile.

Ilianza adhuhuri moja. Alipolianua gauni la mkewe kambani, lilinuka manukato ya kiume. Na kwa pua dobi hakuwa na mpinzani: shati la mwalimu, suruali ya muuza samaki, zote alizitambua kwa kunusa, hakuzitia alama.

"Harufu ya nani hii?"

"Ya sabuni yako hiyo."

"Sabuni haina ndevu."

Kesho yake harufu ikazidi. Alipoliweka gauni chini ya pasi ya mkaa, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke sauti nyembamba ikasema: "Mnuse shingo."

Akamnusa. Akitoka bombani ananuswa, akitoka dukani ananuswa, utadhani nyama ya jana. Dobi akaacha kula, akaacha kulala, akawa anamfungia kwa kufuli anapokwenda kuchukua nguo za watu, na akirudi ananusa kitasa kwanza, kisha mto, kisha kuta, huku ile sauti ikimfuata bila pasi wala mvuke, ikimhesabia pumzi za mkewe na kumwambia hii moja ni ya mwanamume mwingine, mpaka siku aliponyanyua pasi imejaa makaa mekundu akaisogeza shavuni kwa mkewe, taratibu, kama anayetafuta kola.

Shangazi yake dobi akaingia bila hodi, tabia yake mbaya iliyookoa uso wa mtu.

"Weka chini, mwanangu," alinong'ona.

Akaiweka.

Mke akapelekwa kwa mama yake siku ileile. Mganga akaitwa, bibi mmoja mkavu wa maneno. Aliagiza mke alifue gauni mwenyewe hukohuko, shangazi alilete. Shangazi akalinusa: hakuna kitu. Mganga naye: hakuna.

"Shika wewe."

Dobi akalishika, akanusa. "Ipo!"

"Ipo vidoleni mwako. Mashati ya wanaume wa mtaa mzima unayakamua kwa mikono hiyo, kisha unaanua gauni la mkeo. Jini kakuta umemfungulia mlango, angekataa?"

Akamsugua mikono kwa ndimu na majivu, akasoma anayoyasoma. Pasi ikalia mezani kama paka aliyekanyagwa, ikanyamaza.

"Yangu yameisha. Usingizi uliokukimbia, peleka hospitali."

"Nikamwambie daktari mimi kichaa?"

"Mwambie huli, hulali, na nusura umchome mtu. Jina atatia mwenyewe."

Akaenda. Akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Usingizi ukarudi. Baada ya miezi minne mke naye akarudi, kwa sharti moja: kufuli litupwe. Likatupwa.

Wiki ya kwanza dobi alimpita mlangoni bila kumnusa. Mke akacheka peke yake kwa furaha. Wiki ya pili, hivyohivyo.

Ya tatu, mume katoka, mke anafagia chumba cha kazi. Pasi ilikuwa mezani, baridi, haina hata kaa moja. Mvuke ukapanda.

"Siku hizi hakunusi," ikasema sauti nyembamba. "Unadhani anamnusa nani?"

Mke akaacha ufagio. Akatazama mlangoni. Kisha akalitoa shati la mumewe msumarini, akalileta puani, akavuta pumzi ndefu.