Sindano ya Vivian Haikumkinga Mama Yake

Mbeti na mdogo wake wa kike, Kasiva, waliuza sweta za watoto katika soko la Gikomba. Waliishi mtaa wa Kaloleni pamoja na Vivian, binti ya Mbeti.

Asubuhi moja walikuwa wakifungua belo la mitumba. Anisa, mhudumu wa afya wa mtaa, akasimama mbele ya kibanda chao.

"Mama Vivian, umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi?"

"Vivian alidungwa sindano shuleni," Mbeti akajibu. "Nyumba yetu imeshamalizana na hiyo."

"Vivian amekingwa yeye. Sindano yake haiingii mwilini mwako. Saratani hii huletwa na virusi vya HPV. Vinapitia ngono, na vinaweza kukaa miaka mingi bila dalili."

"Ngono? Mume wangu alikufa miaka sita iliyopita. Labda vinapitia sweta."

Kasiva alicheka hadi akakaa juu ya belo. Anisa hakucheka.

"Kipimo ni kijiti chenye pamba. Unajipima mwenyewe, hakuna anayekutazama."

"Siku nyingine, mama. Leo wateja wananisubiri."

Miezi michache baadaye Mbeti alianza kutokwa na damu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili kabla.

"Nimerudi usichana," alimwambia Kasiva. "Nitafutie mchumba."

Wakacheka tena. Mgongo ulipouma, Mbeti alisema ni kubeba mizigo. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imefika kwenye kibofu. Walimzika kijijini kwao, Mwala, mwezi wa Agosti.

Anisa alikuja kutoa pole. Kasiva alikuwa akiosha vikombe.

"Ungetulazimisha," Kasiva akamwambia.

"Mtu mzima halazimishwi. Na wewe bado hujapimwa. Una miaka arobaini na nne."

"Ni ugonjwa wa ukoo. Zamu yangu itafika."

"Karibu kila mara ni virusi, si ukoo. Ndiyo maana tunavitafuta mapema. Ukipatikana navyo, haimaanishi kwamba una saratani."

Kasiva aliendelea kuosha kikombe kilichokuwa tayari safi.

Vivian alikuwa mlangoni. "Mama aliwaambia watu kwamba sindano yangu inatosha watu wawili," akasema. "Anti, nenda upimwe, usiniwekee mzigo huo tena."

Kasiva akafuta mikono. Siku iliyofuata alienda kliniki, akajipima. Baada ya wiki mbili akaitwa, akaenda na Vivian. Virusi vilikuwepo.

Muuguzi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi ili sehemu iliyoharibika ionekane, akaona doa jeupe. Akalichoma kwa kifaa cha joto. Kasiva alihisi maumivu kama ya hedhi.

"Hii bado si saratani," muuguzi akasema. "Ungeiacha, huenda ingekuwa. Rudi baada ya mwaka mmoja."

Kisha akamgeukia Vivian. "Na wewe, ukifika miaka ishirini na tano, uanze kupimwa. Sindano hukinga aina hatari zaidi za virusi, lakini si zote."

Walipotoka nje Vivian akauliza, "Ilichukua muda gani?"

"Hata dakika kumi hazikufika."

Vivian akakaa kwenye benchi, akalia. Kasiva akakaa kando yake.

Mwaka uliofuata walirudi wote wawili. Kasiva alipimwa, virusi havikupatikana. Alicheka kwa furaha, kisha akamtazama Vivian, akamkumbuka Mbeti, akaona haya.