Chumba cha Itafaa

Nawategea kitendawili. Nina wageni wengi nyumbani. Hawali, hawanywi, hawaagi, na kila jioni wanaongezeka. Ni nani hao?

Msijisumbue, jibu nawapa. Ni makopo. Makopo, chupa, ndoo zisizo na mikono, viatu visivyo na wenzake, na miavuli iliyovunjika mbavu. Wote wanakaa kwetu, na aliyewaleta ni mwanangu.

Mwanangu ni fundi rangi. Anapaka nyumba za watu zinang'aa, kisha anarudi kwetu na mabaki yao. Akiona kitu kimetupwa, anakiinua, anakigeuza, anasema, "Itafaa." Basi mtaa mzima wanamwita Itafaa. Jina lake halisi tunalikumbuka mimi na mkewe tu, na mkewe akikasirika hulisahau.

Asubuhi kwetu huanza hivi. Mkwe wangu anataka ufagio. Ufagio uko nyuma ya mlango. Mlango haufunguki vizuri, maana nyuma yake kuna gurudumu la baiskeli. Akilisogeza gurudumu, linaangusha chupa. Chupa zinabingirika hadi chini ya kitanda changu. Mkwe anasimama katikati ya vurugu hiyo, mkono kiunoni.

"Mama, mwanao huyu ulimzaa au ulimwokota?"

"Nilimzaa," namjibu. "Kuokota amejifunza mwenyewe."

Tulivumilia hivyo mpaka simu ilipopigwa. Alikuwa mjukuu wangu, binti yao wa kwanza. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na alitaka kuja kupumzika kwa mama yake mpaka apate nguvu. Angefika Jumamosi.

Mkwe wangu alifurahi hadi akakaa chini. Kisha akakumbuka jambo, akasimama tena.

"Atalala wapi?"

Chumba cha nyuma kilikuwa cha binti huyo. Alipoolewa, baba yake aliweka humo kopo moja. Kopo likaita wenzake. Sasa ukifungua mlango unakutana na ukuta wa vitu mpaka darini.

"Ondoa vitu vyako kule nyuma," mkwe alimwambia mumewe jioni ile.

"Vyote vina kazi, mke wangu."

"Kazi gani?"

"Kwa mfano ndoo hii. Itafaa."

"Itafaa nini?"

"Siku ikifika tutajua."

"Siku yenyewe ni Jumamosi, bwana. Mtoto anakuja. Tumlaze ndani ya ndoo?"

Kesho yake, Itafaa alipokwenda kazini, mkwe alijaza magunia akayapeleka jalalani. Alirudi anapumua kama mtu aliyetua mzigo wa miaka. Jioni mumewe aliingia kwa mlango wa uani, magunia yale yale begani.

"Hamtaamini," alisema. "Kuna mtu katupa vitu vizuri kabisa."

Mkwe aliniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Alhamisi binti akapiga simu tena.

"Mama, chumba kiko tayari?"

"Tunakishughulikia."

"Niambie ukweli. Baba ameondoa vitu? Siwezi kumlaza mtoto kwenye vumbi lile na mende. Kama bado, nitabaki kwa mama mkwe. Nitakuja mtoto akikua."

Mkwe aliweka simu mezani, akakaa asiseme neno. Mjukuu wake wa kwanza, na angemwona akiwa ameshaota meno. Mwanamke huyu nimezoea kumsikia akigomba. Akinyamaza, ndipo naogopa.

Itafaa naye alikuwa amesikia. Alitoka uani, na mara tukasikia msumeno.

"Anaongeza," mkwe alisema.

Kabla jua halijazama, Itafaa alitokea amekumbatia kitu. Alikuwa amechukua dumu kubwa la plastiki kutoka kazini, akalikata kwa urefu, akasugua kingo zake kwa msasa mpaka zikawa laini. Ubavuni amechora maua ya njano.

"Beseni la kumwogeshea mtoto," alisema. "Na mnasema vitu vyangu havina kazi."

Kusema haki, lilikuwa zuri. Hata mkwe alilainika kidogo.

Wakati huo jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa amekuja kuleta nguo za mtoto alizoshona. Alilishika lile beseni, akalisogeza puani, akarudisha kichwa nyuma.

"Shemeji, dumu hili lilikuwa na nini?"

"Thina. Ile ya kuyeyushia rangi. Lakini nimeliosha kwa sabuni mpaka mikono ikaniuma."

"Linanuka."

"Halinuki."

"Dada, niletee maji ya moto kidogo," fundi alimwambia mkwe.

Maji yakamiminwa. Mvuke ukapanda, na harufu ikapanda nao. Mimi niliziba pua. Macho ya mkwe yalijaa machozi. Itafaa akainama mpaka uso wake ukakaribia maji.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

Hapo ndipo tulipoelewa. Pua yake imeshinda na thina miaka na miaka, hata haiitambui tena.

"Plastiki inakunywa, shemeji," fundi alieleza. "Ukiosha, unaosha juu tu. Thina iliyoingia ndani inabaki. Ukitia maji ya moto, inatoka, inaingia kwenye maji. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Na mvuke ule angeuvuta."

"Nikiliosha tena?"

"Hata ukiliosha mpaka mwakani. Chombo kilichobeba thina, dawa ya wadudu, dawa ya magugu au mafuta ya gari, usikitumie tena kwa maji, kwa chakula, wala kwa mwili wa mtu."

"Basi tulichome," mkwe alisema.

"Usichome, dada. Moshi wake nao ni sumu. Litobolewe chini, asije mwingine akaliokota. Kisha lirudi lilikotoka. Shemeji, kazini kwenu hakuna pipa la kukusanyia vyombo vya namna hii?"

"Lipo," Itafaa alisema polepole. "Sijawahi kutia kitu humo. Mimi huwa natoa."

Mkwe alijifunika uso kwa kanga.

Itafaa aliketi akayatazama maua yake ya njano. "Nilitaka nimwogeshe mimi mwenyewe," alisema.

Fundi alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Sikiliza, shemeji. Kuokota si kosa. Hata mimi, kwenye cherehani yangu kipande cha kitambaa hakitupwi ovyo. Kosa lako ni kurundika. Kitu ulichokiweka bila kukipa kazi ni takataka iliyopata paa. Kesho shika kimoja kimoja, ujibu maswali. Kilibeba nini? Kitafanya kazi gani? Nani atakitengeneza, na lini? Ukishindwa kujibu, kitoke."

Ijumaa Itafaa aliomba ruhusa kazini. Dumu alikuwa ameshalitoboa na kulirudisha alfajiri. Mkwe alisimama mlangoni mwa chumba kama askari wa mpakani.

"Chupa hizi za kioo?"

"Zilibeba jemu. Tutaweka maharage na chumvi. Naziosha mimi, leo."

"Pita. Makopo haya ya rangi?"

"Ita..." Akajizuia. "Yatoke."

"Kiatu hiki kimoja?"

"Nilidhani nitampata mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Kitoke."

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kila kitu alikiaga kama ndugu anayesafiri. Mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki alikuja na mkokoteni wake. Ukajaa, ukaondoka, ukarudi, ukajaa tena.

Vilivyobaki vilipewa kazi papo hapo. Fulana kuukuu za pamba, fundi alizikata nepi. Tulizichemsha, tukazianika juani, zikawa laini kuliko mpya. Mashuka yaliyotoka humo yalikuwa yamechakaa katikati, maana hapo ndipo watu hulala, lakini pembeni yalikuwa bado na nguvu. Fundi alikata ile sehemu mbovu, akaunganisha zile sehemu nzima za pembeni, tukapata mashuka ya mtoto. Ngazi iliyovunjika ilifungwa ukutani uani, ikawa kianikio cha nguo. Ndoo za kufulia zilizotoboka zilijazwa udongo na kupandwa mboga. Yale matundu yaliyokuwa yakimkera mkwe sasa yanatoa maji yaliyozidi.

Mwisho ikabaki miavuli.

"Hii?" mkwe aliuliza. Mkono wake ulikuwa tayari umeielekeza nje.

Itafaa aliikumbatia. Kisha akasema, "Ngoja. Hii ilibeba mvua tu."

"Kazi yake?"

Hakujibu kwa mdomo. Alichukua mwavuli mmoja, akang'oa kile kitambaa kilichochanika. Akanyoosha mbavu, akakata mpini, akapiga msasa ncha zote. Fundi alizifunga ncha hizo kwa vitambaa zisimchome mtoto. Kisha wakavalisha ile mifupa pazia letu la zamani la wavu, lililofuliwa vizuri. Ukiuweka kitandani unasimama kama kibanda kidogo. Inzi na mbu hawapiti, lakini hewa inapita.

"Nani atautengeneza, na lini?" mkwe aliuliza, kwa kuwa sheria ni sheria.

"Nimeshamaliza," mumewe alimjibu.

Jumamosi mjukuu wangu alifika na mtoto kifuani. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafungua mlango akiwa amekunja uso, tayari kugeuka. Akasimama.

"Mama, kumbe chumba hiki kina dirisha?"

"Kina dirisha na kina sakafu," mkwe alisema. "Hata mimi nilikuwa nimesahau."

Jioni Itafaa alikunja mikono ya shati, akamwogesha mjukuu wake kwenye beseni letu la kuoshea mboga, lililosuguliwa vizuri. Mkwe alimsimamia kichwani: shika shingo, maji yasiingie masikioni, taratibu. Mwanangu alimshika mtoto kama yai, yeye anayepanda ngazi ndefu na ndoo mkononi.

Msidhani amepona kabisa. Wiki iliyofuata alirudi kutoka kazini amebeba mlango wa friji. Mkewe alikuwa kizingitini anamngoja.

"Mlango huu ulibeba nini?"

"Ulifungia chakula. Ni safi."

"Kazi yake?"

Itafaa aliugeuza mlango huku na huku. Alitazama juu, akatazama chini. Watoto wa jirani walisimama kusikiliza.

"Ngoja niupeleke kwa mwenye mkokoteni," alisema.

"Fika salama," mkewe alimjibu, akafunga mlango. Siku hizi unafunguka na kufungika vizuri.

Nawaachia kitendawili kingine. Mvua hainyeshi, jua haliwaki, lakini kwetu mwavuli umefunguliwa ndani ya nyumba. Chini yake kuna nini?

Hiki jibu lake siwapi. Mnalo. Ila semeni polepole, amelala.