Bakuli Lililojaa Hadi Ukingoni

"We Oygul! Hiyo chai unaichemsha kwa pumzi?" dada yake alifoka kutoka sebuleni.

"Naja!"

Alikuwa jikoni anafinya ngozi ya mgongo wa kiganja. Haikunyanyuka. Akapapasa misuli hadi kwenye kiwiko: migumu kama ubao. Juzijuzi tu ugumu ulikuwa vidoleni.

Akaingia na birika. Mama Hanifa, mamake mchumba wake Elyor, alikuwa amekuja kumkagua mkwe mtarajiwa, macho kama ya mnunuzi wa farasi. Oygul akamimina. Vidole vikagoma kulisimamisha birika, chai ikajaa bakuli la mgeni hadi ukingoni.

Mama Hanifa akalitazama bakuli. Kwetu Margilan chai hunywewa bakulini, na mgeni wa heshima humiminiwa kidogo, uongeze tena na tena. Ukimjazia, umemwambia kunywa uondoke.

Mama Hanifa akaondoka. Hata mkate hakumega.

Oygul akampigia Elyor.

"Mikono yangu unaijua, nilikuonyesha wewe peke yako. Mweleze mama."

"Nitamweleza, mpenzi. Usilie."

Kesho yake ikaingia meseji: "Mama kakataa katakata. Nimembembeleza wee! Nisamehe."

Oygul akalia mpaka akachoka kulia. Kisha akampigia Mama Hanifa mwenyewe.

"Mama, sikukufukuza. Ngozi yangu inakakamaa, vidole havikunjiki."

"Ugonjwa? Mbona Elyor kaniambia umepata bwana mwingine, ndiyo maana ukanijazia chai?"

"Elyor anajua, mama. Tangu mwanzo."

 

"Kumbe nimezaa mwoga," Mama Hanifa akasema taratibu. "Na nilivyokuwa namsifia mtaa mzima!"

Alasiri akaja. Hakukaa. Akaishika mikono ya Oygul, akaifinya mwenyewe, kote, mpaka mabegani.

"Inauma?"

"Hapana, mama. Ndiyo maana naogopa."

"Kesho tunakwenda hospitali Tashkent. Sikuahidi utapona, mwanangu. Na harusi sikuahidi."

"Elyor yuko wapi?"

"Nje, ndani ya gari. Anasema atatupeleka. Kushuka ndiko kumemshinda, mwanamume mzima!"

Oygul akachungulia dirishani. Elyor alimwona, akainamia usukani kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mwambie aende, mama," akasema. "Sisi tutapanda treni."