Biko ya Arobaini

Kila alasiri Adelina akitoka shule hakwenda kwao moja kwa moja. Mama yake alikuwa kazini hadi jioni, kwa hiyo alibisha mlango wa jirani, pale pale kwenye ghorofa lao la mtaa wa Crescent Town, huko ughaibuni. Jirani huyo alikuwa bibi wa Kifilipino ambaye Adelina alimwita Lola, yaani bibi kwa lugha ya Wafilipino. Hapo Adelina alikunywa chai na kufanya hesabu zake.

Tangu mume wa Lola afariki, nyumba ile ilipooza. Lola akaanza kusahau. Funguo alizitia kwenye friji, bomba aliliacha wazi. Binti yake, Anastasia, alimwambia mbele ya Adelina, "Mama, siku utakayounguza kitu jikoni, nakupeleka nyumba ya wazee." Lola alilia siku ile mpaka Adelina naye akalia.

Arobaini ya marehemu ikawadia. Ilibidi ipikwe biko, wali mtamu unaonata, na sahani ya kwanza iwekwe mbele ya picha ya marehemu. Lola alichemsha tui la nazi na sukari guru hadi vikawa vizito, akatia wali, kisha akamkabidhi Adelina mwiko.

"Songa," alisema. "Usiache mpaka ushikane na kuachana na sufuria. Mimi naenda kubadili nguo."

Kusonga biko, jamani, si mchezo! Mkono ulimuuma. Adelina akakumbuka wali wa mama yake: maji yakikauka hufunikwa, moto ukapunguzwa, wali ukajiivia wenyewe. Naye akafunika sufuria, akaenda zake sebuleni kutazama katuni. Masikini, hakujua kwamba sukari haina subira. Iliungua chini kwa chini, moshi ukatanda, king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima.

Anastasia, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya arobaini, aliingia mbio. "Nani kafanya hivi?"

"Lola aliniambia nifunike," Adelina akajibu upesi.

Lola alisimama mlangoni, vifungo vya gauni havijafungwa. "Nilisema hivyo?" aliuliza taratibu. Akajishika kichwa. "Labda nilisema. Siku hizi sijui hata ninachosema."

Adelina alitaka kukanusha, lakini badala yake akaanza kufungua madirisha moshi utoke. Aliona aibu, na aliogopa.

Jioni wageni walijaa, na mama yake Adelina akaja kutoa pole. Mbele ya picha ya marehemu palikuwa na sahani tupu. Lola alikaa kitini akiitazama sahani ile. Anastasia alichukua simu, akasema kwa sauti iliyochoka, "Basi. Nawapigia wale wa nyumba ya wazee sasa hivi."

"Usipige!" Adelina alipiga kelele. "Nimesema uongo! Lola aliniambia nisonge nisiache. Mimi ndiye niliyefunika, nikaenda kutazama katuni!"

Mama yake aliinamisha uso. Anastasia akaiweka simu mezani.

"Kumbe sikusahau," Lola alisema, na machozi yakamtoka. "Sikusahau!"

Mchele ulikuwa umebaki kidogo. Ulipikwa, na Adelina alisonga mwenyewe mpaka jasho likamtiririka, hakuna aliyempokea mwiko. Sahani ikawekwa mbele ya picha. Anastasia alimwomba mama yake radhi, akaahidi kuhamia hapo awe anamwangalia.

Walipotoka, mama yake Adelina alimsimamisha kwenye korido.

"Sufuria itasuguliwa, mchele utanunuliwa. Lakini leo umemwambia mfiwa kwamba akili zimemwisha, naye akakuamini kwa sababu anakupenda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako, mwanangu, ilikuwa inamfikisha Lola nyumba ya wazee, na wewe ungebaki kwenu umelala salama."