Pini ya Mtandio

Kila Jumamosi asubuhi, mtaani kwetu Naviundu, nina kazi tatu na hakuna anayenihurumia: kuosha vyombo, kudeki sebule na kupangusa meza ya kompyuta. Hiyo ya tatu huifanya polepole mno, kwa sababu nikishaketi mbele ya kompyuta, kunitoa ni kazi. Kando yake hukaa modemu, kile kisanduku cheupe chenye taa kinachotuletea intaneti kutoka kwenye antena iliyo juu ya bati. Mama alikifumia kitambaa cha rangi ya waridi, kama alivyofumia redio, viti na kila kitu kisichokimbia, ili vumbi jekundu lisikiingie.

Jumamosi ninayoisimulia, dada yangu mkubwa Yasmine, ambaye mimi humwita Yaya, alitoka mapema kwenda kutoa kopi za vyeti vyake. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma dosie yake, yaani fomu na vyeti vya kuomba nafasi, kwenye chuo cha wauguzi. Dosie zilipokelewa kwa intaneti tu, mwisho saa kumi na moja jioni. Mwaka uliotangulia alikuwa amechelewa kwa sababu ya cheti kimoja, akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia Mama. Halalamiki yule, lakini nilimwona anavyowatazama wenzake wakipita na makoti yao meupe.

Basi Yaya alipotoka, nikafungua video za michoro ya hina. Picha zikawa zinakwama. Mkono unachorwa nusu, unasimama. Nikakumbuka maneno ya Chancelvie, ninayekaa naye dawati moja, kwamba kwao intaneti ikilala wanachoma kile kitundu kidogo nyuma ya modemu kwa sindano, nayo inaamka. Sindano sikuwa nayo, ila mtandio wangu ulikuwa na pini. Nikaichomoa, nikafunua kitambaa cha Mama, nikachoma kile kitundu na kushikilia. Taa zote zikazimika. Zikawaka tena moja baada ya nyingine, na mimi nikajiona fundi kweli kweli.

Niligeukia kompyuta. Hata ile video ya kukwama haikuwepo tena. Nilibofya huku, nikabofya kule, wapi. Nikarudisha kitambaa kama kilivyokuwa, nikabandika pini kwenye mtandio, nikaenda jikoni kuosha tena sufuria ambazo zilikuwa safi.

Yaya alirudi saa saba, vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Akawasha kompyuta. Nikamsikia akiniuliza kama umeme ulikatika. Nikajibu kuwa sijui. Akazima kompyuta na kuiwasha upya. Akachomoa waya wa modemu, akahesabu hadi thelathini kwa sauti, akauchomeka. Taa ziliwaka vizuri, lakini kompyuta iliendelea kusema haiuoni mtandao wetu, ule tuliouita Familia Amadi kwa jina la Baba. Iliona mitandao ya majirani, na mmoja wenye jina la tarakimu tupu ambao Yaya alidhani ni wa wapangaji wapya wa nyumba ya pili. Alipokuja Mama, Yaya alikuwa ameshika kichwa.

Mama aliigusa modemu, akakuta ina joto. Akakitazama kile kitambaa chake kwa muda, akakiondoa, akakikunja mara mbili, mara nne.

"Ni mimi," alisema. "Nimeifunika kama mtoto mchanga, imekosa hewa. Nisamehe, binti yangu."

Yaya alimwambia hapana, Mama, si wewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia vyombo mkononi. Ilikuwa nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua, wallahi niliufungua, lakini nikaona macho ya Yaya yalivyo mekundu, nikaufunga. Roho ilinisuta, na Mama akaenda kukiweka kitambaa chake kabatini.

Baba yeye alikuwa na mshtakiwa wake. Alimpigia simu papa Symphorien, kama tunavyowaita watu wazima kwa heshima, fundi aliyetufungia antena, ambaye wiki iliyotangulia aliisogeza kidogo kupisha paneli ya sola. Baba ni mtu mpole, ila siku hiyo alimwambia kwamba tangu alipogusa antena mambo yameharibika, na aje mara moja, mvua isiwe sababu. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Kila mtu nyumbani alikuwa amepata kosa lake, isipokuwa mwenye kosa.

Papa Symphorien alifika saa tisa, koti linachuruzika maji. Hakujibu lawama za Baba. Alifungua daftari lake la kurasa mia, ambamo ameandika nyumba zote anazozihudumia, kisha akafanya jambo analofanya kila mahali kabla ya kugusa waya wowote. Alituomba sote tusimame sebuleni, akauliza mmoja mmoja.

"Nani alikuwa muntu wa mwisho kugusa hii modemu? Sitafuti wa kuchapa. Kama iliguswa, ninaanza na modemu. Kama haikuguswa, ninapanda kwa antena."

Baba alisema hajaigusa. Mama alisema ni kitambaa tu. Yaya alisema alichomoa waya ilipokuwa imeshaharibika. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Najma?"

"Mimi sikugusa, papa."

Aliniamini. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakunitazama mara ya pili. Akafunga daftari, akachukua ngazi.

Tulitoka kibarazani. Mvua ilikuwa imepungua, ila bati lilikuwa linang'aa kwa maji. Yaya alikuwa akitazama saa kwenye simu kila mara, tayari ilikuwa saa kumi kasoro robo. Papa Symphorien alitambaa kuelekea antena, goti baada ya goti, na mimi nikaanza kuhesabu mabati aliyobakiza. Alipobakiza mawili, mguu wake uliteleza. Alishuka kama hatua moja, bati likalia, mkono wake ukadaka ubao wa pembeni. Akabaki pale, amelala kifudifudi, anahema.

Sikumbuki kuamua. Nilijisikia tu nikipiga kelele, "Papa, shuka! Ni mimi niliigusa! Niliichoma na pini!"

Baba alikimbia kushika ngazi mpaka aliposhuka. Nilichomoa pini kwenye mtandio wangu, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikaeleza yote, Chancelvie, video za hina na kitundu, huku machozi yananitoka na kamasi pia. Papa Symphorien alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Akanieleza kwamba kitundu kile hakiamshi intaneti. Kinaifanya modemu isahau kila kitu ilichofundishwa, jina lake, neno la siri na tarakimu anazoingiza fundi ili iongee na antena, ibaki kama ilivyotoka dukani. Ule mtandao wa tarakimu tupu haukuwa wa wapangaji. Ulikuwa wetu, umesahau jina lake. Akaigeuza modemu, akasoma neno la siri la dukani kwenye karatasi iliyobandikwa chini, akafungua daftari kwenye ukurasa wetu, akaiandikia modemu upya kila kitu kupitia kompyuta. Alipomaliza kuandika Familia Amadi, kompyuta iliunganika yenyewe. Haikuchukua hata dakika kumi na tano.

Dosie ya Yaya iliondoka saa kumi na dakika ishirini. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia, aliusoma mara tatu, kisha akalala juu ya meza na kulia. Nilimwomba msamaha. Alinishika mkono, ila alichukua siku mbili kabla ya kunitania tena.

Baba alimwomba radhi papa Symphorien mbele yetu sote, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mama akanituma nimpelekee chai. Hapo ndipo Mama aliponiambia, bila kupandisha sauti.

"Najma, pini ilikuwa ni ujinga wa mtoto, na ujinga huo umetengenezwa kwa robo saa. Lakini ulinitazama nikijilaumu, ukanyamaza. Ulimsikia baba yako akimlaumu mtu asiye na kosa, ukanyamaza. Ukanyamaza hadi mzazi wa watu akapanda juu ya bati lenye maji. Modemu tungenunua nyingine. Yeye tungempata wapi?"

Mama akaenda kabatini, akarudi na kile kitambaa cha waridi kilichokunjwa mara nne, akanikabidhi.

Nilikikunjua, nikakitandika chini ya modemu, si juu yake. Kisha nikachukua kitambaa cha vumbi nikaipangusa taratibu, pande zote, na nilipofika nyuma kwenye kile kitundu, nikamwita Mama aje aone ninachokigusa.